Kuhariri video nyumbani: Ni programu gani inayomfaa mtengenezaji wa ridhaa?

Simu zenye kamera nzuri zimewafanya wakazi wengi wa Kigali kuwa wapiga picha wa harusi, kwaya na simulizi za wazee wao. Ugumu huanza pale picha hizo zinapofikishwa kwenye kompyuta. Makala hii inaeleza tofauti zilizopo baina ya programu za kuhariri picha na sauti, na mambo ya kupima kabla ya kuikabidhi programu yoyote kumbukumbu za familia.

Niboye ni mojawapo ya tarafa kumi za Wilaya ya Kicukiro, jijini Kigali. Kama ilivyo kwingineko nchini Rwanda, siku za mapumziko ni siku za gusaba, yaani sherehe ya kuposa, ambapo wasemaji wa familia mbili hupokezana maneno kwa ufundi, wakitaniana na kubishana hadi mahari inapokubaliwa. Kila ukoo siku hizi una kijana wake wa kurekodi. Hana studio wala mshahara. Ana simu, kompyuta mpakato, na ndugu wanaouliza kila siku video itakuwa tayari lini.

Pengine kazi inayomwangukia ni nzito zaidi ya harusi. Wilaya hiyohiyo ya Kicukiro ndiyo iliyokuwa na shule ya ufundi ya ETO, ambako wanajeshi wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa waliondoka Aprili 11, 1994 na kuwaacha watu zaidi ya 2,000 waliokuwa wamekimbilia hapo. Wengi wao waliswagwa hadi Nyanza ya Kicukiro na kuuawa katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Shuhuda nyingi zimehifadhiwa na taasisi, ikiwemo Hazina ya Kumbukumbu za Mauaji ya Kimbari iliyozinduliwa mwaka 2010 katika makumbusho ya Gisozi. Nyingine hurekodiwa sebuleni, mjukuu akiwa ameegemeza simu kwenye meza. Mzee huenda akasimulia mara moja tu. Rekodi ikipotea, hakuna wa kurudia maneno yake.

Kwa sababu hiyo, swali la programu ipi ni nzuri halijibiwi na wingi wa madoido yake. Yapo maswali matatu yanayotangulia. Je, kompyuta iliyopo inaimudu? Je, sauti itasikika vizuri? Na je, kazi hiyo itafunguka tena baada ya miaka mitano, hata kama malipo yamekoma au kampuni imeiondoa programu sokoni?

Kompyuta iliyopo inaweza kubeba nini?

Kuhariri video ni miongoni mwa kazi nzito zaidi ambazo kompyuta ya nyumbani hufanya. Picha za simu hubanwa sana ili zisijaze nafasi, na kompyuta hulazimika kuzikunjua upya kila sekunde wakati mhariri anapozitazama. Kompyuta dhaifu hukwama, picha ikarukaruka, na mhariri akadhani programu ni mbovu.

Kipimo cha kwanza ni kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, ile inayojulikana kama RAM. Watengenezaji wa Shotcut wanashauri angalau gigabaiti 8 kwa video ya kiwango cha HD na gigabaiti 16 kwa video ya 4K. DaVinci Resolve huhitaji gigabaiti 16 au zaidi, pamoja na kadi nzuri ya michoro. Mwenye kompyuta ya gigabaiti 4 asijisumbue na Resolve. Atatumia siku nzima akiitazama ikifunguka.

Kipimo cha pili ni nafasi ya diski. Simu ya iPhone, kwa mfano, hutumia takribani megabaiti 130 kwa kila dakika ya video ya HD katika mfumo unaofunguka kwenye vifaa vingi, na takribani megabaiti 350 kwa dakika ya 4K. Sherehe ya saa tatu ikirekodiwa kwa HD hufikia gigabaiti 23 na ushei. Ikirekodiwa kwa 4K huvuka gigabaiti 60. Iwapo video itatazamwa kwenye simu na televisheni ya nyumbani tu, HD inatosha, na humwokolea mhariri nafasi na saa nyingi za kusubiri.

Ipo pia njia ya kuisaidia kompyuta dhaifu. Kdenlive, Shotcut na Resolve zote zina uwezo wa kutengeneza nakala nyepesi za kila kipande cha video. Mhariri hukata na kupanga kwa kutumia nakala hizo, kisha wakati wa kutoa video kamili programu hurejea yenyewe kwenye picha za asili. Wapo wanaonunua kompyuta mpya kabla hawajaujaribu uwezo huo, ilhali haugharimu chochote.

Programu za bure hazifanani

Neno "bure" hubeba maana zaidi ya moja katika ulimwengu wa programu, na tofauti zake zina uzito.

Kundi la kwanza ni programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi na mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzinakili na kuziboresha. Kdenlive, iliyoanzishwa mwaka 2002, na Shotcut ziko katika kundi hili. Zote mbili hufanya kazi kwenye Windows, kwenye kompyuta za Apple na kwenye Linux. Haziweki nembo juu ya picha, hazina muda wa majaribio unaokwisha, na hazihitaji intaneti baada ya kusakinishwa. Mtu akizipakua mara moja anaweza kuziweka kwenye flashi na kumgawia jirani bila kuvunja sheria yoyote. Shotcut ni nyepesi kwa anayeanza. Kdenlive ina vifaa vingi zaidi kwa anayetaka kupanga safu nyingi za picha na sauti.

Kundi la pili ni programu za kampuni zinazotoa toleo la bure kando ya toleo la kulipia. Mfano mashuhuri ni DaVinci Resolve ya kampuni ya Australia, Blackmagic Design, iliyoinunua da Vinci Systems mwaka 2009. Resolve hutumika pia katika filamu za sinema, hasa kwa kazi ya kusawazisha rangi. Toleo lake la bure hutoa video hadi kiwango cha 4K bila nembo, mradi mhariri asitumie madoido ya toleo la kulipia, ambalo kwa miaka mingi limeuzwa kwa dola 295, malipo ya mara moja. Anayetumia Linux ajihadhari: toleo la bure la Resolve katika mfumo huo halifungui video za H.264, ambazo ndizo simu nyingi hurekodi, hadi zigeuzwe kwanza.

Wenye kompyuta za Apple wana iMovie bila malipo. Ni rahisi kujifunza, ingawa ina mipaka kwa anayetaka kupanga safu nyingi.

Kundi la tatu ni programu za ada ya kila mwezi. Adobe Premiere Pro, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1991, iliingia katika utaratibu huo mwaka 2013. Kwa bei za Marekani, ada yake kwa mtu mmoja ni zaidi ya dola 20 kwa mwezi, sawa na zaidi ya dola 240 kwa mwaka. Kwa mtaalamu anayelipwa na wateja, gharama hiyo huenda ikarudi. Kwa mpenzi wa video anayehariri sherehe mbili kwa mwaka, kila sherehe ingembebesha dola 120. Tena malipo yakikoma, programu haifunguki, na faili za mradi alizohifadhi hubaki zikisubiri alipe tena.

Simu pekee inatosha?

Kwa video fupi ya kutuma kwenye mitandao ya kijamii, simu inatosha. CapCut, KineMaster na programu nyingine za aina hiyo hukata, huunganisha na huongeza maandishi kwa dakika chache. Toleo la bure la KineMaster huweka nembo yake juu ya picha. CapCut ni mali ya ByteDance, kampuni ya China inayomiliki TikTok.

Tahadhari yake ilionekana Januari 19, 2025, pale CapCut ilipozimwa nchini Marekani pamoja na TikTok kutokana na sheria iliyopitishwa nchini humo. Huduma ilirejeshwa baadaye, na watumiaji wa Afrika Mashariki hawakuguswa. Lakini watu waliokuwa na kazi isiyokamilika ndani ya programu hiyo walijikuta wakiikosa kwa uamuzi ambao hawakuwa na kauli nao.

Windows Movie Maker, iliyowafundisha wengi kuhariri kwa mara ya kwanza, nayo iliondolewa na Microsoft Januari 2017. Video zilizokuwa zimekamilika zinaendelea kutazamwa hadi leo. Faili za miradi yake, zile ambazo zingemwezesha mtu kurudi na kurekebisha kosa, zimebaki bila programu rasmi ya kuzifungua.

Sauti kwanza

Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, lakini sauti isiyosikika humchosha mara moja. Katika gusaba, ambayo yote ni ufasaha wa wasemaji, picha bila maneno yao ni nusu ya sherehe. Katika simulizi ya mzee, sauti ndiyo ushahidi wenyewe.

Programu inayotumiwa zaidi na watu wa ridhaa kwa kazi ya sauti ni Audacity, iliyoanzishwa mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na kutolewa kwa umma mwaka 2000. Ni programu huria na hufanya kazi hata kwenye kompyuta za zamani. Mwaka 2021 ilipochukuliwa na kampuni ya Muse Group, baadhi ya watumiaji walilalamikia sera yake mpya ya taarifa binafsi. Kwa kuwa msimbo uko wazi, wapo waliotengeneza toleo lao kando, wakaendelea na kazi.

Audacity hupunguza kelele za kudumu, kama mvumo wa feni au wa jenereta, kwa njia inayomtaka mrekodi ajiandae mapema. Programu inahitaji sekunde chache za kelele hiyo peke yake, pasipo mtu kusema, ili iitambue na kuiondoa kwingineko. Kwa hiyo kabla ya mzee kuanza kusimulia, mrekodi aache kinasa kikiendelea kwa sekunde 10 za kimya. Kelele zinazobadilika, kama honi za pikipiki, mbwa wanaobweka au mvua ya ghafla juu ya bati, haziondoki kwa njia hiyo. Dawa yake ni kufunga dirisha na kuisogeza maikrofoni karibu na kinywa cha msemaji.

Tatizo jingine huwashangaza wengi: sauti inaanza sawasawa na midomo, na baada ya dakika 20 inakuwa imetangulia au imechelewa. Mara nyingi chanzo chake ni simu. Simu nyingi hubadilisha idadi ya picha kwa sekunde kulingana na mwanga na joto la kifaa, ilhali programu za kuhariri hutarajia idadi moja isiyobadilika. Shotcut na Kdenlive hulitambua jambo hili na hupendekeza kugeuza faili kabla ya kazi kuanza. Anayetumia programu isiyotoa onyo anaweza kuigeuza video kwa HandBrake, ambayo pia ni huria, kwa kuchagua idadi ya picha isiyobadilika. Aliyerekodi sauti kwa kinasa cha pembeni akiweke kwenye kilohezi 48, kipimo kinachotumika katika video, kilohezi 44.1 ni kipimo cha santuri za CD.

Hatari ya programu zilizovunjwa kufuli

Katika miji mingi ya kanda hii, programu za gharama kubwa hupatikana kwa bei ya soda zikiwa zimevunjwa kufuli na kunakiliwa kwenye flashi. Kando ya kuwa ni wizi wa haki ya mtengenezaji, zina madhara kwa anayezitumia. Aliyevunja kufuli amepata njia ya kubadilisha programu hiyo atakavyo, na mara nyingi hupachika ndani yake virusi vya kuiba nywila au kufunga faili zote za kompyuta hadi mwenyewe alipe fidia. Maelekezo yanayokuja na programu hizo kwa kawaida humtaka mtumiaji azime kinga ya virusi kwanza, na hapo ndipo mlango hufunguliwa.

Kwa mtu ambaye kompyuta yake imebeba harusi za ndugu na sauti ya bibi aliyekwisha kufariki, hasara hiyo hailingani na dola zilizookolewa. Na kwa kuwa Kdenlive, Shotcut na toleo la bure la Resolve zipo, sababu ya kujiingiza katika hatari hiyo imepungua mno.

Manukuu kwa familia zenye lugha nyingi

Rwanda iliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, kando ya Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Wazungumzaji wake bado ni wachache nchini, na familia nyingi zinazokitumia zina jamaa Bujumbura, Goma, Mwanza au Ulaya. Video ya gusaba iliyosemwa kwa Kinyarwanda haiwafikii jamaa hao wote mpaka iwekewe manukuu, yaani maandishi ya tafsiri chini ya picha.

Kdenlive, Shotcut na Resolve zote huruhusu kuandika manukuu. Jambo la kuhakikisha ni kwamba programu inaweza kuyatoa kama faili ya SRT iliyo peke yake. Faili hiyo ni maandishi ya kawaida yenye saa ya kuanza na kumaliza kwa kila sentensi. Hufunguka kwenye kompyuta yoyote, na shangazi aliyeko Goma anaweza kusahihisha jina lililokosewa bila kuwa na programu ya video.

Kdenlive inaweza pia kuunganishwa na Whisper, mfumo wa kutambua maneno uliotolewa na OpenAI Septemba 2022. Kiswahili kimo katika lugha zake. Kinyarwanda hakimo. Baada ya kupakuliwa, mfumo huo hufanya kazi ndani ya kompyuta bila kupeleka sauti ya mtu kwenye mtandao, jambo lenye maana kwa simulizi nyeti. Hata hivyo hukosea majina ya watu na mahali, na huchanganyikiwa pale msemaji anapochanganya lugha. Kila mstari husomwa na mtu kabla ya kutolewa.

Mstari wa manukuu usizidi herufi 42 au karibu na hapo, na mistari isizidi miwili kwa wakati mmoja. Methali za wasemaji wa gusaba hazitafsiriki neno kwa neno. Mfasiri hutafuta methali ya Kiswahili yenye maana iliyo karibu, au hueleza kwa ufupi na kumwacha msemaji aendelee.

Jaribio la siku moja

Badala ya kusoma mashindano ya programu mtandaoni, mtengenezaji anaweza kuzipima mwenyewe. Achukue dakika mbili za video aliyoirekodi kwa simu yake, zenye mtu anayezungumza. Azifungue katika Shotcut, kisha Kdenlive, kisha Resolve ikiwa kompyuta inaruhusu. Katika kila moja akate mwanzo na mwisho, aongeze jina la msemaji, apandishe sauti iliyo chini, aandike mistari mitatu ya manukuu, kisha atoe video kamili ya MP4.

Aandike dakika zilizotumika, mahali programu ilipokwama, na kama midomo na sauti vilibaki pamoja hadi mwisho. Asiyezoea Kiingereza ajaribu kubadili menyu kuwa Kifaransa, lugha inayopatikana katika programu zote tatu. Programu iliyomaliza kazi bila kukwama ndiyo ya kujifunza kwa miezi sita ijayo, hata kama rafiki anasifu nyingine.

Kuhifadhi na kutuma

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na faili za video zinalithibitisha hilo. Folda moja kwa kila tukio, yenye tarehe na jina, humwepusha mtu na kutafuta miongoni mwa majina ya namba yanayotolewa na simu. Ndani yake ziwekwe picha za asili, sauti za asili, faili ya mradi, manukuu ya SRT na video iliyokamilika.

Nakala ziwe tatu, katika aina mbili za vifaa, na moja iwe nje ya nyumba, ili wizi au moto usizichukue zote kwa pamoja. Diski ya nje iliyowekwa kwa ndugu wa mtaa mwingine inatosha kwa nakala hiyo ya tatu.

Video za jamaa wengine waliorekodi sherehe hiyohiyo zisikusanywe kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, kwa sababu hubanwa na kupoteza ubora usioweza kurudishwa. Zitumwe kama hati, njia inayobeba faili hadi gigabaiti 2 bila kuzibadilisha, au zinakiliwe kwa waya siku hiyohiyo.

Kabla ya kuitoa video hadharani, wahusika waombwe ridhaa. Sheria ya Rwanda namba 058/2021 ya Oktoba 13, 2021 inalinda taarifa binafsi na faragha za watu, na sura na sauti ya mtu ni vitu vinavyomtambulisha. Muziki wa msanii uliowekwa chini ya picha nao una mwenyewe. YouTube hutambua nyimbo nyingi kwa mfumo wake wa moja kwa moja na inaweza kuizuia video hiyo. Ina pia maktaba ya muziki unaoruhusiwa kutumiwa bila malipo.

Kwa simulizi ya mzee, ridhaa hiyo iombwe mara mbili: kabla ya kurekodi, na tena baada ya yeye mwenyewe kuitazama video iliyokamilika. Akitaka sehemu fulani iondolewe, faili ya mradi iliyohifadhiwa katika programu inayofunguka ndiyo itakayomwezesha mjukuu kumtimizia ombi hilo.